Kwa Herufi au kwa Silabi

Walinisaili watatu, mmoja kwenye kioo kutoka Makao Makuu,
sauti yake ikikatika kama ya mtu anayekula muwa:
"Andika programu igeuze neno. Chagua neno lolote."
Nikachagua Tanga.
Nje, kengele za baiskeli zilikuwa zinashuka kuelekea mnara wa saa,
na kiyoyozi kilinidondokea begani,
tone, tone, kama msaili wa nne.

Kompyuta ikajibu: agnat.
Wakatikisa vichwa, sawa, swali la pili.
Lakini mimi nilikuwa nimeshafika Ngamiani,
kwenye kibaraza cha akina Mwanamkasi,
tukisema kinyume ili wakubwa wasituelewe:
mali tuliiita lima, kazi tuliiita zika,
na mji wetu, ukiugeuza, ulikuwa ngata.

Ngata. Kipande cha kanga ya mama kilichoviringwa,
juu ya utosi, chini ya beseni la machungwa ya Muheza.
Hilo sikuwaambia.
Halikuwa na nafasi kwenye fomu.

Nikapata. Huu mwaka wa sita.
Mtaani wanadhani nahesabu noti.
Shangazi Mwanahawa hunijia nimchenjie elfu kumi.
Shangazi, mimi pesa siioni, naona mistari tu.
"Basi nichenjie mstari."

Kazi yangu huanza benki ikishafunga.
Saa sita usiku siku inafungwa,
kila kilichotoka sharti kionane na kilichoingia,
na visipoonana simu yangu inalia,
naamka, nakaa jikoni na mbu wangu,
natafuta senti hamsini
zilizopotea mahali fulani kati ya Pongwe na Kigoma.
Safari moja nilizitafuta hadi adhana ya alfajiri.
Mtu alikuwa ameweka mkato mahali pa nukta.
Mtu mwenyewe mimi.

Na ile ada ya akaunti zilizolala,
mia tano kila mwezi, niliiandika mimi.
Mistari kumi na mmoja. Ilisifiwa kikaoni.
Siku ya majaribio likapita jina:
MWANAISHA BAKARI KILUA, tawi la Tanga,
salio elfu tatu na mia nne.

Mama.
Sijui aliisahau, au aliiacha
kama anavyoacha kitu kwenye pindo la kanga
kwa ajili ya siku isiyo na jina.
Nilihesabu kwa vidole, mashine ikiwa mbele yangu:
miezi sita, na wa saba hautoshi.

Sikugusa kitu. Kila ninachobonyeza kina jina langu.
Nilishuka ngazi, nikapanga foleni kama watu,
nikaweka elfu mbili dirishani, kwa mkono.
Akaunti ikaamka. Mfumo haukuuliza nani kaiamsha.
Lakini waliolala humo ni elfu arobaini,
na mfuko wangu mmoja.

Leo nimekaa upande wa pili wa meza.
Kijana anaitwa Shekalaghe,
shati limepigwa pasi mara mbili, na mara zote mbili mkunjo umehama.
Nimemwambia: geuza neno. Chagua neno lolote.
Ameandika, amefuta.
Ameandika mali.
Kidole kikabaki hewani.
"Samahani dada, niligeuze kwa herufi, au kwa silabi?"

Kiyoyozi kinadondoka.
Yule wa Makao Makuu anakohoa kwenye kioo, anasema muda.
Kwenye karatasi ya alama swali hilo halina kisanduku.
Nimelichorea changu pembeni, kwa kalamu,
ila mkono haukutaka pembe nne,
limetoka duara, dogo, lenye tundu katikati,
la kuwekea mzigo.